Kabla hamjaandika "ametelekezwa": barua ya wazi kwa wahariri

Kwa wahariri wa magazeti, redio, televisheni na mitandao ya habari ya Kiswahili.

Ndugu zangu,

Wengi wenu mna umri wa wanangu, kwa hiyo shikamoo zenu nazipokea kabla hamjazitoa: marahaba. Nawaandikia mapema, Oktoba 1 haijafika, kwa sababu najua ratiba za vyumba vyenu vya habari. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe hiyo kuwa Siku ya Wazee Duniani mwaka 1990, ikaanza kuadhimishwa mwaka 1991, na ikikaribia, mwandishi hutumwa makao ya wazee akatafute makala. Katika utumishi wangu wa ustawi wa jamii nimekuwa afisa mfawidhi wa makao, na waandishi wenu nimewapokea wengi. Wapo waliokuja na daftari tupu wakaondoka nalo limejaa. Wengi zaidi walikuja makala ikiwa imeshaandikwa, imebaki nafasi ya jina na umri tu.

Siku yenyewe huwa hivi. Wazee huamshwa alfajiri, huogeshwa, huvalishwa zile nguo za kwenda kanisani au msikitini, hukalishwa kwenye mabenchi chini ya mwembe kuanzia saa mbili. Mgeni rasmi hufika saa sita na nusu. Mchele, maharage, mafuta ya kula, sukari na katoni za sabuni ya mche hupangwa mbele ya kamera, na bango la mfadhili huwa refu kuliko rundo lenyewe. Bibi mmoja hushikishwa mfuko wa sukari, upande mmoja mkono wake, upande wa pili mkono wa mgeni rasmi. Picha ikitoka na giza, mfuko hurudishwa kwenye rundo, anakabidhiwa upya. Kisha mwandishi huchuchumaa, humsogezea mzee kinasa sauti na kuuliza: "Mzee, watoto wako wako wapi?"

Siku moja swali hilo lilimwangukia mzee wetu mmoja, fundi viatu. Akajibu taratibu: "Sikuoa, mwanangu, wala sikuzaa." Kesho yake sura yake ikatoka gazetini, na juu yake kichwa cha habari kikisema ametelekezwa na watoto. Wenzake kwenye bao hawakumwacha. Wakambatiza Baba Watoro, wakamtaka awaonyeshe hao watoto wasio na huruma ili nao wawaombe nauli. Mchana alicheka nao. Jioni alinijia ofisini kuniuliza kama sheria inaruhusu mtu kuandikiwa watoto.

Sisemi kwamba hakuna wazazi waliotupwa. Wapo. Nimewahi kumpokea mama aliyeachwa stendi ya mabasi na mwanawe wa kumzaa, na nikitafuta neno zuri la kulieleza jambo lile silipati hadi leo. Ninachosema ni kwamba kisa cha aina hiyo mmekifanya kuwa kisa cha wote, na mazoea hayo yana madhara msiyoyaona mkiwa mezani kwenu.

Tuanze na waliomo. Makao ya serikali hayapokei mzee kwa sababu tu mwanawe amechoka naye. Barua huanzia serikali ya mtaa au ya kijiji, hufika kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, naye huanza kutafuta ndugu: huuliza wajumbe, huuliza misikiti na makanisa, hupiga simu kijiji alikozaliwa mzee. Ndugu akipatikana na akiweza, mzee hurudishwa kwake. Anayefika kwetu, kwa kawaida, ni yule ambaye utafutaji huo wote umerudi mikono mitupu. Kwa hiyo mwandishi anapouliza "watoto wako wako wapi", anamuuliza mtu swali ambalo serikali ilishamaliza miezi ikilitafutia jibu, na jibu limo kwenye jalada ofisini, hatua chache kutoka pale kwenye benchi. Katika miaka yangu yote, waandishi walioomba maelezo ya namna mzee anavyopokelewa wanahesabika kwa vidole.

Baadhi ya makao hayo wala hayakujengwa kwa ajili ya wazee. Nunge, pale Kigamboni, palikuwa makazi ya wagonjwa wa ukoma. Mtu aliletwa kijana, akatengwa na kwao, vidole vikaliwa na maradhi, miaka ikapita. Mwaka 1977 serikali ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma. Mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mchanganyiko wa dawa unaouponya ugonjwa huo kabisa. Akapona. Lakini shamba la baba lilishagawanywa, mchumba alishaolewa kwingine, na kijijini hakuna aliyetaka kunywea kikombe kimoja naye. Alibaki pale pale, akazeekea pale pale. Mtu huyo alifukuzwa na woga wa jamii nzima, kabla hata hajapata nafasi ya kuzaa hao watoto mnaowashitaki.

Tanga na Morogoro niliwakuta wengine: waliokuwa manamba wa mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri vibarua, SILABU, ikawa inakusanya vijana Kigoma, Ubena, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Kijana alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi. Siku isiyotimiza idadi ya mafungu ya mkonge haikuwekewa alama. Wengi walikuja wakisema watarudi kwao na baiskeli na cherehani. Baada ya uhuru bei ya mkonge ikaporomoka, kamba za plastiki zikaingia sokoni, mashamba yakafungwa moja baada ya jingine, na watu wakabaki kwenye kambi ambazo tajiri alishaziacha. Kijana wa mwaka 1958, kama yu hai, sasa ana miaka themanini na kitu. Nilimfahamu mmoja aliyehifadhi kipande chake ndani ya bati la majani ya chai. Alikuwa anaweza kukuonyesha siku aliyougua malaria na siku ambayo msimamizi alimdhulumu. Hapo kuna historia nzima ya uchumi wa nchi hii, na mwandishi aliyeketi naye alitaka kujua tu kama analia usiku.

Kundi la tatu mnalijua zaidi, kwa kuwa mmelichangia. Usukumani bibi aliyepika miaka hamsini kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe, ndani ya jiko lisilo na dirisha, macho huwa mekundu kwa moshi. Macho hayo yakatosha kuwa ushahidi wa uchawi. Katika miaka ya 2010 taarifa za haki za binadamu nchini zilihesabu mamia ya mauaji ya imani hizo kwa mwaka, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee. Pwani ya Kenya, kaunti ya Kilifi, ni mvi zinazoua: wapo wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili waishi, na huko Ganze kimejengwa kituo cha Kaya Godoma kuwahifadhi wanaokimbia panga. Ukichimba chini ya tuhuma, mara nyingi utakuta shamba ambalo kijana fulani amechoka kulisubiri.

Sasa kumbukeni vichwa vyenu vya habari: "Bibi aanguka na ungo." Mama wa miaka themanini amekutwa alfajiri kwenye ua wa watu, amevaa kanga moja au hana nguo kabisa, haeleweki anachosema, hajui alikotoka. Mmempiga picha. Mmemrusha. Daktari yeyote wa wazee angewaambia kwamba ugonjwa wa kusahau, demensia, humfanya mtu atoke usiku akitafuta nyumba aliyoishi akiwa msichana. Mtoto mnamficha uso. Mshitakiwa mnamwita mtuhumiwa hadi mahakama iseme. Bibi huyu mmemhukumu kabla chai ya asubuhi haijachemka, na akiponea kwenye mikono ya umati, anatafutiwa nafasi makao. Oktoba ikifika mnamfuata huko huko kumuuliza kwa nini watoto wamemtupa.

Ndani ya makao maisha yanaendelea kwa namna isiyowahi kuingia kwenye makala zenu. Kuna mwenyekiti wa wazee anayechaguliwa kwa kura, na kampeni zake zina fitina kama za udiwani. Kuna ugomvi wa redio: huyu anataka mawaidha, yule anataka mpira. Kuna anayefuga kuku, na anayedai kuku hao wamemaliza mchicha wake. Fundi viatu niliyemtaja alikuwa na wateja kutoka mtaani, wakiwemo walimu wa shule ya jirani, na alikuwa akikopesha wenzake fedha ya tumbaku. Nimeona mjane na mgane wakija ofisini, wameshikana mikono kama wanafunzi, kuomba chumba kimoja. Tulimwita shehe, ikafungwa ndoa, na pilau ililiwa. Siku hiyo hapakuwa na kamera, maana hatukuwa na gunia la mchele la kuonyesha.

Nisiwapambie. Kuna mabati yanayovuja, kuna uhaba wa wauguzi, kuna usiku ambao mhudumu mmoja anawaangalia wazee wengi kuliko uwezo wa mtu mmoja. Kuna upweke. Lakini mambo hayo ni habari kwa sababu yana mwenye kuyajibia, naye ana ofisi na bajeti. Mkiyafunika kwa machozi ya mzee na mkono wa mgeni rasmi, mwenye kujibu anapona.

Niende sasa kwenye upande wa pili wa picha yenu, ule wa Uzunguni. Katika vipindi vya mazungumzo redioni husemwa, kila mtu akiitikia, kwamba Wazungu huwatupa wazee wao na sisi Waafrika tunawatunza. Tazameni kinachoitwa kutupwa. Januari 1, 1960, huko Arizona, mkandarasi Del Webb alifungua mji wa Sun City, nyumba ndogo za kuuzwa kwa wastaafu zikiwa zimezunguka viwanja vya gofu. Watu wapatao 100,000 walifika kuutazama siku zile za ufunguzi. Hawakupelekwa na watoto. Walikwenda na hundi zao. Leo mji wa wastaafu wa The Villages, Florida, una wakazi zaidi ya laki moja, na watu huenda dukani kwa vigari vya gofu. Nako vyombo vya habari vya Marekani huwakera wakazi hao: mara wanachorwa kama watoto wakubwa wasio na la kufanya ila starehe, mara kama watu wanaosubiri jeneza. Kwa hiyo ugonjwa huu si wetu peke yetu, na dawa yake haiko kwenye kuigana.

Nyumba za uuguzi ni jambo jingine tena. Huko ndiko huenda mtu asiyeweza kujigeuza kitandani, na kati ya Wamarekani wenye miaka 65 na zaidi, wanaoishi humo hawafiki 5 kwa 100. Chumba cha mtu mmoja hugharimu zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Mtu hula akiba yake yote kwanza, ndipo mpango wa serikali wa Medicaid umchukue, na huo ndio unaowalipia wengi wa waliomo. Waliobaki wanaohitaji kutunzwa, sehemu kubwa, hutunzwa majumbani mwao na mabinti, wakwe na wake zao, kama Tandika na kama Kisumu.

Haya hamhitaji kuyatafuta mbali. Wabeba boksi wetu na wa Kenya, huko Massachusetts, Minnesota na Texas, ndio wanaowalisha na kuwaogesha wazee hao zamu za usiku, na fedha ya zamu hizo ndiyo inayojenga nyumba Kimara na kulipa ada Kiambu. Binti wa dada yangu ni mmojawapo. Aliniambia kwenye simu: "Mjomba, huku kuna mzee mwanawe anakuja kila jioni kumnyoa ndevu. Mimi mama yangu namtumia hela, sijamwona tangu niondoke." Tukanyamaza wote wawili. Kati ya mwana huyo na binti wa dada yangu, kwa vipimo vya vipindi vyenu, ni nani aliyemtupa mzazi?

Sasa madhara. Kila mnapochapa kwamba makao ni mahali pa waliotupwa, mnamtia aibu mtu mmoja mahususi, naye si yule mtoto katili. Katili hasomi. Anayesoma ni binti wa mwisho aliyeacha kazi amwangalie mama mwenye demensia. Usiku analala na ufunguo wa mlango ndani ya sidiria ili mama asitoke. Kaka zake hutuma elfu kumi na ushauri. Mmoja wa aina hiyo alinijia ofisini jioni, wenzangu wameshaondoka. Hakutaka mama yake achukuliwe; alitaka tu mahali pa kumweka siku mbili kwa wiki, afanye biashara yake ya vitenge na alale usingizi. Kabla sijajibu akauliza: "Nikimleta, mtanipiga picha?" Ilinibidi nimwambie kwamba hatuna huduma ya mchana, na kwa kuwa mama ana mtoto, makao hayampokei. Akashukuru, akafunga kanga, akaondoka.

Mama huyo na bintiye hawamo katika makala zenu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema jukumu la kwanza ni la familia na makao yawe hatua ya mwisho. Sina ugomvi na msimamo huo. Lakini katikati ya familia na hatua ya mwisho palipaswa kuwepo ngazi nyingi: muuguzi wa kupita nyumbani, kituo cha kushinda mchana, mafunzo kwa anayetunza, pensheni ya kumfanya mzee asiwe mzigo kwenye sufuria ya mwanawe. Ngazi hizo hazidaiwi, kwa sababu mmeshatufundisha kwamba tatizo ni maadili ya watoto. Waziri akisimama Oktoba 1 akasema "vijana tuwatunze wazee wetu", hupigiwa makofi, nanyi mnaifanya kauli hiyo kichwa cha habari, na hakuna anayenyoosha mkono kuuliza: na wizara yako itafanya nini?

Yapo ya kuulizia. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au hakuajiriwa, na baadaye ikakipandisha kiwango hicho. Kenya, chini ya Inua Jamii, ilifungua mlango kama huo mwaka 2018 kwa wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi, na Katiba yake ya 2010, ibara ya 57, inataja kwa mkupuo mmoja kwamba mzee ana haki ya kutunzwa na familia na dola. Tanzania Bara mkulima aliyelima pamba miaka arobaini hana pensheni ya namna hiyo. Akibahatika, kaya yake imo kwenye mpango wa kusaidia kaya maskini, TASAF. Hayo ni maswali ya ukurasa wa mbele. Fedha za Zanzibar na Kenya hufika kwa wakati? Zinatosha nini sokoni? Bara inangoja nini?

Basi ninayoomba ni haya.

Kwanza, mzee aombwe ridhaa kabla ya kamera kuwashwa, aambiwe picha itatoka wapi, na akikataa aachwe. Aliyelala kitandani shuka limemvuka asipigwe kabisa, hata kama mgeni rasmi ameinama vizuri pembeni yake.

Pili, neno "ametelekezwa" litumike pale mwandishi alipothibitisha kwa afisa mfawidhi au kwa ndugu. Mkitaka kulitumia bila uthibitisho, liacheni.

Tatu, "kuanguka na ungo" kuondoke kwenye kurasa zenu. Badala yake pigieni simu hospitali, mumpate mtu wa kueleza demensia kwa Kiswahili ambacho msomaji wa Shinyanga ataelewa. Makala moja ya namna hiyo huenda ikaokoa bibi asiyejulikana na nyinyi wala mimi.

Nne, mhojini mzee mambo anayoyajua. Mnapoandika habari ya mkonge, ya ukoma, ya vijiji vya ujamaa, ya bei ya pamba, wataalamu wenu mnawapata vyuoni, na wapo wengine makao ambao waliyafanya mambo hayo kwa mikono yao. Mnapenda kuchapa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Basi waulizeni neno.

Tano, fuateni fedha. Kila makao yana fungu lake la chakula, dawa na mishahara. Ulizeni limepangwa kiasi gani, limefika kiasi gani, na pengo linajazwa na nani. Msaada wa sukari wekeni aya ya mwisho. Mfadhili mwema hatakasirika, na sukari itanyweka vilevile.

La sita ni dogo. Tumeni mwandishi siku isiyo na maana yoyote, tuseme Jumanne ya Februari, bila bango na bila mgeni rasmi. Aje na muda. Atacheza bao na atafungwa, nawahakikishia, na ataondoka na habari tatu ambazo gazeti la jirani halina. Uhariri unaomtuma huyo ndio nitakaouandikia barua ya pili, ya shukrani, na hiyo nayo nitaomba ichapwe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Afisa ustawi wa jamii mstaafu,
Morogoro